Penseli Kabla ya Jembe: Namna ya Kupanga Upya Eneo la Shule Pamoja na Wanafunzi

Kila mwaka mvua zikikaribia, walimu wa mazingira hunitafuta na swali lile lile: "Tunataka kubadilisha eneo la shule, na tumeambiwa tuwashirikishe wanafunzi. Tunaanzia wapi?" Nimejibu kwa simu, nimejibu chini ya miembe, nimejibu kwenye daladala. Sasa naandika.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Wanafunzi wetu wanashiriki tayari. Ndio wanaofagia, ndio wanaobeba maji kutoka bombani, ndio wanaopaka mawe chokaa mkuu wa wilaya akija. Wasichopewa ni penseli. Mchoro huamuliwa ofisini, kisha wao huitwa na majembe, na mwalimu huandika kwenye ripoti kwamba wameshirikishwa. Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kugeuza mpangilio huo: watoto waamue kwanza, jembe lifuate.

Nimeuandika kwa kufikiria shule ya msingi ya serikali Tanzania, hasa darasa la tano na la sita. Umri huo, miaka 11 mpaka 13, ndio mzuri kuliko yote: wanajua kupima na kuzidisha, na bado hawaoni haya kusema wanachokipenda. Darasa la saba washirikishe, lakini usiwategemee, maana mtihani wa Septemba utawachukua katikati ya kazi. Kidato cha kwanza na cha pili pia wanafaa. Walimu wa Kenya, hatua ni zile zile.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Ridhaa ya mwalimu mkuu kwa maandishi, na kikao kimoja na mwenyekiti wa kamati ya shule. Wape sentensi mbili tu: tunataka nini, na watoto wataamua kiasi gani.
- Kiwango cha fedha. Hata kama ni shilingi laki moja, kijue sasa. Hata kama ni sifuri, kijue.
- Wanafunzi 20 mpaka 30, nusu wasichana. Wawepo wasiosikika mstarini, na kama shuleni kuna mtoto anayetumia magongo au mwenye uoni hafifu, awemo tangu siku ya kwanza.
- Kamba ya mita 30 yenye fundo kila baada ya mita moja, au tepu ya fundi ukiipata.
- Karatasi za manila, penseli, rula, kifutio. Vigingi 20. Majivu au chokaa ya kuchorea chini.
- Maharage ya kutosha, matatu kwa kila mwanafunzi wa shule, na chupa tupu za maji. Utaona kazi yake.
- Kipindi kimoja kwa wiki kwa wiki nane. Ukitaka kumaliza kwa wiki mbili, acha, fanya usafi wa kawaida tu.

Hesabu wiki zako kurudi nyuma kutoka kwenye mvua. Pwani na kaskazini, vuli huanza Oktoba na masika Machi. Dodoma, Singida na nyanda za juu kusini msimu ni mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili. Mchoro uwe umekamilika mwezi mmoja kabla.

Hatua ya 1: Ondoa harufu ya adhabu

Hatua hii watu huwa hawaambiwi, na kuiruka ndiko kunakoua miradi mingi. Katika shule nyingi, aliyechelewa anafyeka, aliyepiga kelele anachimba shimo, asiyefanya zoezi anamwagilia maua. Mtoto aliyesomeshwa miaka mitano kwamba bustani ni adhabu hawezi kuipenda kwa sababu umemwambia leo ni mradi.

Ongea na mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa zamu. Mkubaliane kwamba kuanzia sasa hakuna adhabu itakayofanyika kwenye eneo la mradi. Nilishawahi kudharau jambo hili. Katika shule moja tulipanda michongoma kuzunguka bustani, wiki mbili baadaye nusu ilikuwa imeng'olewa usiku, na waliong'oa walikuwa watoto waliopewa adhabu ya kazi pale pale juma lililotangulia. Sikuwalaumu sana.

Hatua ya 2: Zungukeni, tazameni, msipendekeze kitu

Wiki mbili za kwanza ni za macho. Marufuku mtu kusema "tuweke" au "tujenge", na marufuku hiyo inakuhusu wewe mwalimu kuliko wao. Gawa makundi manne.

*Kundi la kivuli.* Wachore kivuli cha kila mti na kila jengo saa nne asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri. Waandike tarehe. Nchi yetu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita hukaa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kisha huhamia kusini kuanzia kama Oktoba mpaka Februari. Kivuli cha Juni kitakuwa upande mwingine Desemba. Watoto hulipenda sana jambo hili wakiligundua wenyewe kwa kigingi kimoja na uvumilivu.

*Kundi la maji.* Hili linangoja mvua, au linasoma alama zake: mifereji midogo, mizizi iliyobaki wazi, msingi wa darasa uliochimbika chini ya ukingo wa bati. Wapige na hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 20 kwa 8 likinyeshewa milimita 20 linapata lita 3,200. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 2,560, yaani ndoo kubwa 128 zilizopita mbele ya macho ya watoto wanaokwenda kuchota maji mbali.

*Kundi la njia.* Wakae chini ya mti wakati wa mapumziko na kuchora watu wanakopita kweli. Sio njia iliyopangwa kwa mawe meupe, ile iliyokwanguliwa na miguu. Njia ya mkato haidanganyi. Ukipanda maua juu yake, yatakanyagwa, na utatukana watoto bure.

*Kundi la moyo.* Kila mwanafunzi wa shule, hata wa darasa la kwanza, apewe jani bichi moja na kipande kimoja cha mkaa. Jani aliweke mahali anapopapenda, mkaa mahali anapopaogopa au kupachukia. Wasichana wafanye peke yao, wavulana peke yao, siku tofauti. Kundi lihesabu na kuandika.

Tahadhari. Mikaa ikirundikana nyuma ya vyoo au kwenye njia ya getini, usiulize mbele ya wote "kwa nini". Inaweza kuwa ni giza au nyoka, na inaweza kuwa ni mtu. Mkabidhi mwalimu wa malezi na unasihi azungumze na mtoto mmoja mmoja. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haina malipo, ibandikeni ubaoni kabla ya zoezi hili.

Hatua ya 3: Chora ramani

Kila mtoto apime hatua zake: atembee mita 20 mara tatu kwa mwendo wa kawaida, atafute wastani. Urefu wa kiwanja upimwe kwa kamba, vitu vya katikati vipimwe kwa hatua. Makosa ya nusu mita hayaharibu kitu.

Skeli rahisi ni sentimita moja kwa mita mbili. Kiwanja cha mita 120 kwa 80 kitakuwa sentimita 60 kwa 40, kinaingia kwenye manila moja. Anzeni na vitu visivyohama: mipaka, madarasa, vyoo, shimo la choo, bomba, mlingoti wa bendera, miti mikubwa, mwelekeo wa kaskazini. Kisha lazeni matokeo ya makundi manne juu yake kwa rangi nne.

Mwalimu, usiinyooshe ramani yao. Najua mkono unawasha. Mstari uliopinda ukifutwa na wewe ukarudiwa kwa rula, ramani inakuwa yako, na wiki ijayo utaona wamekaa nyuma.

Hatua ya 4: Weka mipaka, kisha uliza swali sahihi

Waambie ukweli wote mapema: fedha ni kiasi hiki, bendera haihami, gari la maji lazima lipite hapa, juu ya shimo la choo hapajengwi wala hapapandwi mti, uwanja wa mpira haupungui chini ya kiasi hiki (au unapungua, kama mmekubaliana). Mtoto hakasirishwi na mpaka. Anakasirishwa na mpaka unaotokea baada ya yeye kumaliza kuchora.

Sasa swali. Ukiuliza "mnataka nini?" utaletewa bwawa la kuogelea, bembea, na televisheni. Si kosa lao, ndivyo swali linavyovuta. Uliza: "Mnataka *kufanya* nini, wapi, na saa ngapi?" Majibu yatakuja ya aina nyingine kabisa. Kukaa watatu watatu tukisuka nywele. Kula mihogo bila vumbi. Kusoma pasipo na kelele za mpira. Kucheza rede bila wavulana kutukatiza. Kungoja mvua ipite. Mengi ya hayo yanamalizwa na benchi la mabanzi na kivuli kilichokaa mahali pake.

Utagundua pia kwamba mpira umemeza sehemu kubwa ya kiwanja na watoto 22, huku mamia wamebanwa ukutani. Usitoe hotuba. Waachie kundi la njia wahesabu watoto, namba zitasema.

Hatua ya 5: Tengenezeni sampuli chini, mchangani

Karatasi huwapa nguvu wenye mwandiko mzuri. Mchanga huwapa wote. Chagueni mahali penye kivuli, chora kiwanja kizima cha mita tatu kwa mbili, kisha wajenge: maboksi ya viberiti ni madarasa, vifuniko vya soda ni viti, vijiti vyenye majani ni miti, uzi ni njia. Makundi matatu, sampuli tatu. Kila kundi lipite kwa wenzake na kuuliza maswali, si kusifu wala kuponda: mvua ikija maji yataenda wapi? Mwenye magongo atapitaje? Nani atamwagilia Julai?

Ikiwa kiwanja kina mteremko, hapa ndipo mahali pa kuwafundisha fremu ya A. Fito mbili za mita mbili zinafungwa juu, ya tatu inakatiza katikati, uzi wenye jiwe unaning'inia kutoka kileleni. Simamisha, weka alama uzi unapogusa fito ya katikati, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo uzi unapokaa miguu ikiwa kwenye usawa mmoja. Kwa kifaa hicho watoto wa miaka 12 watapiga mstari wa kontua, yaani unaofuata usawa mmoja wa ardhi, kwa ajili ya makinga maji, na watamshangaza fundi.

Hatua ya 6: Pigeni kura kwa maharage

Andikeni mapendekezo kumi au pungufu, kila moja likiwa na mchoro na gharama yake. Mbele ya kila mchoro chupa, na chupa zote zifunikwe kwa khanga ili mtu asifuate mkumbo. Kila mwanafunzi wa shule apewe maharage matatu. Anaweza kuyatia yote chupa moja.

Hesabuni wasichana, wavulana, na madarasa ya chini kando kando. Hapa ndipo penye utamu. Jumla inaweza kusema magoli mapya ya chuma, kumbe wasichana wote wametia maharage kwenye ukuta wa faragha mbele ya vyoo. Wanafunzi wa mradi wakae na namba zote tatu, wapange lipi la kwanza, na waeleze sababu mstarini wao wenyewe.

Hatua ya 7: Wakubwa wajibu kwa sababu

Watoto wapeleke ramani kwenye kamati ya shule na mkutano wa wazazi. Wao ndio wazungumzaji, wewe shika karatasi isipeperuke. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kutoa maoni, lakini hutahitaji kuitaja ikiwa ramani ni nzuri.

Ombeni jibu ndani ya wiki moja, kwa kila pendekezo, la aina tatu tu: ndiyo; baadaye, na ni lini; au hapana, na kwa nini. Libandikwe ubaoni. "Tutaliangalia" si jibu. Watoto husamehe hapana yenye sababu, ila ukimya wanaukumbuka mpaka kidato cha nne.

Hatua ya 8: Jaribuni kabla ya kujenga

Chora kila kitu chini kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi. Kupata pembe mraba, tumia kamba ya fundo: pande za mita 3, 4 na 5. Panga madawati mabovu mahali mabenchi yatakapokaa. Acheni wiki mbili. Mtu akihamisha dawati, msilirudishe, andikeni alilipeleka wapi. Tuliwahi kuokoa mifuko sita ya saruji kwa sababu mabenchi yaliyochorwa vizuri sana yalikuwa kwenye harufu ya vyoo upepo wa alasiri ukigeuka. Mchoro haukunusa, watoto walinusa.

Hatua ya 9: Jengeni kidogo, mapema

Kitu cha kwanza kimalizike ndani ya mwezi mmoja tangu kura, hata kama ni benchi moja. Miti ifuate mvua.

Kuhusu miti, ongea na ofisa misitu wa wilaya kabla ya kuchukua miche ya bure, maana ya bure huja ile iliyopo, si ile mnayoihitaji. Mawili matatu ninayoyashikilia:

- Mkungu hutandaza kivuli upesi pwani. Mwarobaini huvumilia ukame. Mwembe ni mzuri, ila uwe mbali na madarasa, kwani embe zikikomaa mawe huanza kuruka na bati ndilo linaloumia.
- Mti mkubwa usiwe chini ya mita tano kutoka kwenye msingi. Ukitaka kulikinga darasa na jua la alasiri, panda upande wa magharibi.
- Mkaratusi kaeni nao mbali na bustani na kisima. Unakunywa.
- Usipande mnyaa kama uzio wa shule, utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Mbono nao mbegu zake ni sumu na zinavutia watoto.
- Shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu weka kando, changanya na samadi iliyooza, urudishe huo kwanza. Matandazo juu, yasiguse shina.
- Tairi chakavu za kuchezea zitobolewe chini. Maji yakituama humo ni mazalia ya mbu.

Tahadhari ya hesabu. Mche unataka kama lita tano kila baada ya siku mbili wakati wa kiangazi. Miche 20 ni ndoo tano kubwa. Miche 200 ni ndoo 50. Mgeni rasmi hupenda 200, ndoo hubebwa na mtoto. Pandeni 20.

Mambo yakienda mrama

*Watoto wako kimya.* Toka. Kweli, toka nje dakika kumi, mwachie kiranja maswali. Au waandike bila majina.

*Mtoto mmoja anasema kwa niaba ya wote.* Mpe kazi ya kuandika maneno ya wenzake. Huwa waandishi wazuri.

*Wazazi wanasema mnapoteza muda wa masomo.* Waonyeshe daftari: eneo, mzingo, wastani, skeli na ujazo ni hisabati, kivuli na maji ni sayansi na jiografia. Fanyeni vipimo kwenye vipindi vya masomo hayo, kazi ya mikono ifanyike nje ya vipindi hivyo.

*Mbuzi wamekula miche.* Uzio wa miiba kwa kila mche kabla ya kupanda, si baada. Na mpeleke mtoto mwenye mbuzi kwenye kamati, usimpeleke kwa mtendaji.

*Fedha zilizoahidiwa hazikuja.* Rudini kwenye orodha ya kura, chukueni pendekezo la bei ndogo. Kuhamisha njia, kuchora michezo sakafuni na kupanga zamu za uwanja havina gharama. Vijana wa Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira ulioanza Dar es Salaam mwaka 1991 pale Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipokutana na wanafunzi 12 wa sekondari, wana mtandao wa klabu mashuleni. Ulizeni kama kuna klabu jirani yenye miche au zana za kuazima.

*Mwalimu mkuu amehamishwa.* Hutokea katikati ya kila kitu kizuri. Ndiyo maana ramani hutundikwa ukutani ofisini, ikiwa na sahihi za kamati, na nakala inakaa kwa mwenyekiti. Mkuu mpya akifika, watoto wamtembeze eneo lote juma la kwanza, kabla hajaanza kutoa maagizo.

*Likizo ya Juni imeua kila kitu.* Miche ya masika hukuta shule imefungwa na mvua zimekoma. Kabla ya kufunga, orodhesheni watoto wanaoishi karibu, wawili wawili kwa kila mche, na siku zao. Mlinzi apewe nakala. Toboeni kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu tundu la sindano, jazeni maji, igeuzeni kichwa chini kando ya shina. Itadondosha taratibu, kwa hiyo mwenye zamu akikosa siku moja mche hautakauka. Akikosa wiki, mwende kwao mkamuulize. Mara nyingi ndoo ya nyumbani ndiyo imepasuka.